Bosi katoa oda kwenye grupu, kaifuta, hasara nakatwa mimi. Kwenu ofisini mnawasiliana vipi?

MtuWaStoo (mleta mada)

Wakuu za mchana. Mnivumilie uzi ni mrefu ila nikifupisha hamtaelewa.

Nafanya kazi kampuni ya vifaa vya ujenzi, jina niliache, makao makuu Dar na matawi yapo Moro na Dom. Pale kila kitu ni WhatsApp, yaani kila kitu. Kuna grupu la stoo, la madereva, la mauzo, la mameneja, halafu kuna lile la FAMILIA lilianzishwa kwa ajili ya michango ya misiba na harusi, sasa bosi yeye ndo analipenda hilo hilo kutolea maagizo maana anasema huko ndo anatupata wote. Kwahiyo unakuta rambirambi, chini yake picha ya keki ya mtoto wa mhasibu, chini yake "gari la Moro limetoka?" Imeili ya ofisi ipo moja tu na inafunguliwa na dada wa mapokezi akikumbuka.

Wiki iliyopita jioni kulikuwa na mizigo miwili inasubiri. Bati 40 za mteja wa Moro na nondo 40 za mteja wa Dom, namba zimegongana hivo hivo. Dada wa mauzo anauliza kwenye grupu bati za Moro zinatoka lini, mimi nauliza hapo hapo nondo za Dom tunafanyaje maana jamaa hajamalizia hela, bosi akajibu kwamba zile 40 za dom pakieni ziondoke usiku huu. Nikapakia, gari likaondoka. Asubuhi mteja wa Dom keshashusha mzigo na simu hapokei, na yule wa Moro kaghairi kanunua kwingine.

Bosi kaniita ananiambia yeye alisema za Moro. Nafungua simu nimuonyeshe nakuta "Ujumbe huu umefutwa". Dah. Sasa mhasibu kaambiwa anikate kwenye mshahara mpaka hela ya nondo itimie.

Naomba msaada wa mawazo kuhusu hilo, na pia nataka kujua nyie kwenu mnatumia nini maana hii hali naona siyo ya kwetu peke yetu.

chizi_wa_mbagala

Kafuta?? Hahahaha aisee huyo bosi kakomaa. Pole mkuu.

DadaWaMishahara

Kaka pole sana. Mimi nipo upande wa rasilimali watu mwaka wa ngapi sasa, wacha nikupe la sheria kwanza halafu hayo ya magrupu wengine watachangia.

Mshahara haukatwi kwa mdomo. Soma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri akitaka kukukata kwa ajili ya hasara inabidi hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako wewe, akueleze kwa maandishi hasara imetokana na nini, ni shilingi ngapi na kaipigaje hesabu, akupe nafasi ya kupinga, na wewe ukubali kwa maandishi. Na hata ukikubali makato yote kwa pamoja hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara wako wa fedha. Kwahiyo hiyo ya "mkate mpaka itimie" haipo. USISAINI KITU sasa hivi. Andika barua, karatasi kabisa siyo meseji, omba maelezo ya hayo makato, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Usipoelewana nao kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na usikae sana ukisikilizia, malalamiko yana muda wake kisheria, ya kuachishwa kazi kwa mfano ni siku 30 tu, watu wengi wanakuja kwangu miezi imepita wanalia.

Fundi_wa_Mitandao

Mleta mada kabla hujafanya lolote chukua simu ufanye ninayokwambia.

Kwanza, kama simu yako ni Android 11 kwenda juu kuna historia ya arifa kwenye settingi, ila inashika saa 24 tu na lazima uwe uliiwasha kabla, kwahiyo kwako nadhani imeshapita. Pili, na hii ndo ya muhimu, angalia kama kuna mtu ALIIJIBU ile meseji ya bosi kwa kuivuta pembeni. Ukiijibu meseji namna hiyo maneno yake yanabebwa ndani ya jibu lako, mwenyewe akija kufuta ya kwake, ile nakala iliyo juu ya jibu lako inabaki. Watu wengi hawalijui hili. Dereva, msaidizi wako, dada wa mauzo, mtu yeyote aliyeandika "sawa bosi".

Kuhusu kufuta, hicho kitu kilipoanza 2017 ulikuwa na dakika 7 tu. Baadae ikawa saa moja na kitu, na tangu Agosti 2022 ni siku mbili na masaa 12. Yaani mtu anatoa oda Ijumaa jioni, mzigo unaharibika Jumamosi, Jumapili asubuhi anafuta akiwa kitandani. Chombo kilitengenezwa kwa ajili ya mtu na mpenzi wake, nyie mnaendeshea stoo. Na ukisoma masharti ya WhatsApp hii ya kawaida imeandikwa kabisa kuwa matumizi yasiyo ya binafsi hayaruhusiwi mpaka wenyewe waridhie, nani anasoma lakini.

MwenyeDuka_Kkoo

Mnaongea kama vile WhatsApp ndo imefuta. Bosi ndo kafuta! Hata angekuwa anatumia barua angeichana.

Mimi ni mwenye biashara, nina vijana wachache Kariakoo na wengine Mbagala na siwezi kufanya kazi bila grupu hata siku moja. Na wale wanaosemaga tuhamie sijui Slack sijui Teams, zile programu za mawasiliano ya ofisini, hivyo vitu ukitaka vizuri unalipia dola kwa kila kichwa kila mwezi, na ile Slack ya bure tangu 2022 meseji zikishapita siku 90 huzioni tena mpaka ulipie. Halafu kijana wangu wa kubeba mzigo nikamwambie apakue programu mpya, afungue akaunti kwa imeili, imeili yenyewe nenosiri analijua yule aliyemuuzia simu? WhatsApp anayo tayari, bando la mitandao ya kijamii ananunua kwa hela ndogo, mtandao ukiwa wa kusuasua bado meseji inapenya. Mteja anataka kuona rangi ya kitambaa, kijana anapiga picha anarusha, dakika moja biashara imeisha. Nioneshe kingine kinachofanya hivo Kariakoo.

Tatizo la mleta mada ni bosi, basi.

Fundi_wa_Mitandao

@MwenyeDuka_Kkoo mkuu sijakataa picha ya kitambaa. Nakuuliza moja tu, grupu la duka lako nani kaliunda?

MwenyeDuka_Kkoo

Kijana wangu mmoja wa mauzo, mjanja wa simu. Kwanini

Fundi_wa_Mitandao

Ndo hapo sasa. Ni lake siyo lako. Siku mkikosana anakutoa wewe kwanza, anamalizia wengine, grupu linabaki na yeye na namba zote za wateja wako na picha za risiti. Na akiondoka kwa amani bado simu yake ina kila kitu mlichoandika tangu siku ya kwanza, huna pa kumshika. Kinyume chake kijana mpya ukimuingiza leo kwa kawaida anaanza na kurasa nyeupe, mazungumzo mengi ya nyuma hayaoni, mpaka mtu akae amsimulie. Na wewe mwenyewe simu ikiibiwa pale Msimbazi na hukuwa na bekapu, historia ya duka imeenda na kibaka.

Angalau leo jioni mwambie akufanye admini, na uwe na mwingine wa pili unayemuamini.

MwenyeDuka_Kkoo

Hapo umenipata. Nalifanyia kazi.

msee_wa_mtaani254

Wadau wa Bongo niko Nairobi, naona shida ni ile ile tu. Kwetu sisi si kufutiwa meseji, ni saa. Boss wetu hutuma meseji saa tano usiku "team kesho tuanze na ile report", ukiisoma tiki zikageuka buluu na hujajibu, asubuhi unaulizwa mbona ulininyamazia. Kuna mwenzetu alizima zile tiki za buluu boss akasema huyo ana kitu anaficha!

Kuna seneta wa Nandi, Cherargei, alileta mswada wa kurekebisha sheria ya ajira mwajiri asikusumbue nje ya saa za kazi, waajiri nao wakaukataa. Ufaransa wao walishaweka kwa sheria tangu Januari 2017, kampuni ya watu 50 na zaidi lazima ikae chini na wafanyakazi wajadiliane simu zinazimwa lini. Sisi huku tukizima tunaonekana wavivu bana.

DadaWaMishahara

@msee_wa_mtaani254 huku kwetu hatuna kifungu kinachotaja simu, ila saa za kazi zimeandikwa: saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ziada kwa makubaliano na inalipwa mara moja na nusu, na ziada yenyewe isizidi saa 50 kwa wiki nne. Sasa nikuulize, nani amewahi kuandika kwenye fomu ya ziada "nilijibu grupu kuanzia saa tatu mpaka saa tano usiku"? Hakuna. Ila ukizijumlisha ni kazi. Mtu wa lojistiki anakesha na simu kifuani anasubiri gari livuke mizani ya Vigwaza.

Mameneja wanaoripoti moja kwa moja kwa wakubwa hizo saa haziwahusu, msije mkanishambulia.

Nesi_Asiyelala

Nyie mnaongelea nondo. Sisi wodini kuna grupu la zamu, ni zuri sana kwa kweli, mtu akiumwa unaandika "naomba wa kunishikia usiku" na baada ya muda mfupi umepata mtu. Zamani ilikuwa mpaka umpigie kila mmoja.

Lakini sasa watu wanapiga picha faili. Jina la mgonjwa, umri, majibu ya vipimo, vyote vinaonekana, wanarusha grupuni "daktari naomba uniangalizie hii". Nia ni nzuri, daktari yuko mbali, mgonjwa anahitaji jibu. Ila picha hiyo inajihifadhi kwenye galari ya kila simu iliyomo mle, na simu nyingine mtoto anachezea gemu nyumbani. Kuna siku mume wa mwenzetu kaiona picha kwenye simu ya mkewe, kumbe mgonjwa ni jirani yao. Mtaa mzima ukajua. Hatukuwa na cha kumwambia yule mama.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na taarifa za afya ziko kwenye zile nyeti kabisa. Sisi tumekubaliana wodini, picha ya jina marufuku, unaandika namba ya kitanda, na wote tumezima ile ya kujihifadhi yenyewe. Ni makubaliano ya wauguzi tu, uongozi haujasema chochote mpaka leo.

mtumishi_kimya

Serikalini tuna imeili za go.tz, tuna e-Ofisi, mafaili yanatembea humo vizuri tu. Halafu mkuu wa idara anaandika WhatsApp "nimekutumia kitu kwenye mfumo, fungua". Bila hiyo meseji faili linalala. Sisemi zaidi.

chizi_wa_mbagala

@mtumishi_kimya umesema yote mkuu 😂

Dereva_wa_Tunduma

Naombeni mniruhusu na mimi mtu wa barabarani. Mnaponda sana ila sisi madereva WhatsApp imetukomboa, tena voisi ndo kabisa. Niko Kitonga na gari limebeba, unataka nichape maandishi? Nabonyeza nasema "nimepita Ruaha Mbuyuni, breki ipo sawa, kesho asubuhi Mafinga", imeisha. Na kuna wazee wetu wa kazi hawaandiki vizuri, kwenye imeili wasingesikika kabisa, kwenye voisi wanatoa taarifa kuliko hata wenye digrii.

DadaWaMishahara

@Dereva_wa_Tunduma kusikika ni kweli kabisa baba. Ila voisi ya kushuka, ya bosi kwenda kwa mtu wa chini, naichukia. Dakika nne, anaanza na salamu, anakohoa, anaongea na mlinzi wa geti, halafu katikati hapo kuna "...mlipe yule laki tatu na nusu". Mwezi ujao nataka kuitafuta hiyo laki tatu na nusu naitafutaje? Maandishi unachapa neno "laki" yanakuja. Mimi nikipokea voisi ya hela namuandikia palepale: "Bosi nimekuelewa kwamba nimlipe fulani 350,000 leo, ni sahihi?" asipojibu silipi.

MtuWaStoo (mleta mada)

WAKUU!! Nimerudi. Fundi_wa_Mitandao Mungu akuweke.

Nimeenda kwenye lile grupu nikapandisha juu taratibu mpaka siku ile. Dereva aliyepeleka mzigo alijibu kwa kuivuta meseji ya bosi, kaandika "sawa boss nipo geti", na juu yake kwenye kile kiboksi inasomeka yote, "Zile 40 za dom pakieni ziondoke usiku huu", na jina la bosi. Chini kidogo ipo ile ya "Ujumbe huu umefutwa". Nimepiga skrinishoti na nimemuomba dereva asiguse chochote kwenye simu yake. Barua nimeandika jana, imepokelewa, nimegongewa muhuri.

Swali, hiyo ya skrinishoti inakubalika au wataniambia nimetengeneza?

DadaWaMishahara

Safi sana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Wanachoangalia ni ulivyotunzwa, ulivyotumwa na mtumaji anajulikanaje. Kwahiyo skrinishoti peke yake ni dhaifu, simu yenyewe ya dereva ikiwa na meseji ndani ndo yenye nguvu. Ila usiende nayo kwa bosi kama unamtishia. Mwambie umeona kumbukumbu, muombe mkae.

Fundi_wa_Mitandao

Na hamisha gumzo lote leo. Ingia kwenye grupu, zile nukta tatu, zaidi, hamisha gumzo, chagua bila picha utapata meseji mpaka 40,000, ukichukua na picha inaishia 10,000. Jitumie kwenye imeili yako. Fanya haraka maana tangu Aprili 2025 kuna settingi ya faragha ambayo ikiwashwa kwenye gumzo hakuna mtu anahamisha. Bosi akishtuka anaweza kuwaambia admini waiwashe.

Mhasibu_Mstaafu

Nimesoma kimya kimya. Wadogo zangu, haya hayako kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi peke yake. Desemba 2021 benki ya JPMorgan ya Marekani ilipigwa faini dola milioni 200 kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wanaongea biashara kwenye WhatsApp na simu binafsi na benki haikutunza kumbukumbu. Septemba 2022 zikafuata kampuni nyingine 16 za fedha za Wall Street, jumla ya faini zao ikafika dola bilioni 1.8. Hakuna aliyeshtakiwa kuiba pale, kosa ni kwamba mazungumzo ya kazi yalikuwa mahali ambapo mkaguzi hawezi kuyaona. Wale wana imeili, wana mifumo ya mabilioni, na bado watu walikimbilia WhatsApp kwa sababu ni rahisi. Kwahiyo msidhani kukataza kunasaidia.

Zamani tulikuwa na kitabu cha kutoa mzigo, nakala tatu, kaboni katikati. Bosi anasaini, stoo anabaki na moja. Hicho kitabu bado kinauzwa stationari.

MwenyeDuka_Kkoo

Mzee hicho kitabu ninacho, kipo droo ya chini kimejaa vumbi.

Ila na mimi nina la kuongezea. Ile tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook na WhatsApp zilipozima dunia nzima karibu masaa sita, kwetu ilikuwa jioni mpaka usiku wa manane. Nilikuwa na gari linashusha na kijana anasubiri nimpe bei. Nikajikuta sina hata namba za simu za vijana wangu wawili, nawajua kwa picha tu za WhatsApp. Tangu siku ile namba zote nimeandika ukutani.

msee_wa_mtaani254

Sisi siku hiyo ndio tulilala mapema 😂

Kijana_wa_Telegram

Mbona hakuna anayesema Telegram? Watu laki mbili grupu moja, mafaili makubwa, mtu mpya anaona ya nyuma yote admini akiruhusu.

Fundi_wa_Mitandao

@Kijana_wa_Telegram hilo la mtu mpya kuona ya nyuma ni kweli na ni zuri. Ila magrupu ya Telegram hayajafungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani ule ambao hata kampuni yenyewe haiwezi kusoma meseji, kama WhatsApp ilivyofanya tangu 2016, na kufuta ndo kabisa, kule unafuta hata ya mwaka juzi. Bosi wa mleta mada angefurahi.

MtuWaStoo (mleta mada)

Mrejesho wakuu. Tumekaa leo, mimi, bosi, mhasibu na meneja wa Moro. Sikumtisha mtu. Nimesema tu kwamba kwenye simu ya dereva meseji ipo, tukaifungua wote tukasoma. Bosi kanyamaza kidogo akasema basi alichanganya maana alikuwa anaendesha. Kufuta hakukuzungumza na mimi sikumuuliza. Makato yamesimamishwa, mhasibu kaniandikia karatasi.

Tulichokubaliana: grupu la FAMILIA linarudi kwenye misiba na harusi. Mzigo hautoki stoo bila fomu yenye sahihi ya bosi au meneja, akiwa mbali anasaini anaipiga picha anaituma, mimi naichapa naiweka kwenye faili. Kwenye WhatsApp tunataarifiana tu, gari limetoka, limefika, mteja kapokea. Na oda ikitajwa lazima iandikwe jina la mteja, bidhaa na idadi, hakuna "zile" wala "yule". Kuhusu saa za usiku nilijaribu kugusia, bosi akasema magari yanatembea usiku na yeye halali. Hapo tumeachia.

DadaWaMishahara

Hongera sana. Hiyo karatasi ya mhasibu itunze nyumbani, siyo kwenye droo ya ofisi.

chizi_wa_mbagala

Na yule mteja wa Dom na nondo zake?

MtuWaStoo (mleta mada)

Kapatikana. Kalipa nusu, iliyobaki anasema fundi akimaliza lenta. Meneja wa Dom anapita saiti kwake kila asubuhi.